Unajenga? Hivi ndo unavyokata bima ya ujenzi isikukimbie siku ukuta ukidondoka

Nianze na kilichonikuta mwenyewe maana ndo kilichonifanya niandike. Nilikuwa nimefika kwenye lenta, kuta zimesimama vizuri, hela ikakata, nikawaambia mafundi tupumzike kidogo nijipange. Hiyo kidogo ikawa miezi mitano. Ikaja mvua na upepo, usiku mmoja ukuta wa pembeni wote ukalala chini na ukaangukia uzio wa jirani, uzio nao ukaenda. Asubuhi niliumia ila sikuwa na hofu kwa sababu bima nilikuwa nayo, nimelipia, karatasi iko kwenye faili. Nikapiga simu, wakaja, wakapiga picha, wakauliza swali moja tu, kazi ilisimama lini? Nikawaambia ukweli. Baada ya wiki mbili ikaja barua, hatulipi, soma kifungu cha kusimama kwa kazi. Nikakisoma kwa mara ya kwanza siku hiyo na kweli kipo, kimeandikwa wazi kabisa, ni mimi ndo sikuwahi kufungua ile karatasi toka nilipopewa.

Kwahiyo ninachotaka kukwambia ni hiki: watu wengi wakifikiria bima ya ujenzi wanawaza kampuni gani na bei gani, halafu basi. Mi nakwambia kitu cha kukazania zaidi ni tarehe. Inaanza lini, inalala lini, inakufa lini. Hasara nyingi zisizolipwa siyo kwamba zilikuwa hazimo kwenye bima, zilitokea siku ambayo bima haikuwepo na mwenye nyumba anaamini ipo.

Bima ya nyumba siyo bima ya ujenzi

Hili lieleweke kwanza. Bima ya nyumba ya kawaida inachukulia kwamba nyumba imekwisha, ina paa, ina milango inayofungwa, kuna watu wanalala ndani. Nyumba ikikaa tupu muda mrefu tu, mara nyingi siku 30 au 60 kutegemea mkataba, kinga inaanza kupungua, sembuse nyumba ambayo haina hata paa. Kwahiyo usijidanganye kwamba utakatia kiwanja chako bima ya nyumba halafu ujenge humo humo.

Na wewe unayeongeza vyumba au unapandisha ghorofa juu ya nyumba unayoishi, hili ni lako pia. Ile bima ya nyumba uliyonayo ina masharti kuhusu ukarabati mkubwa, ukivunja ukuta au ukiezua paa bila kuwaambia umebadilisha kitu walichokikatia. Piga simu kabla nyundo ya kwanza haijagonga, afu waandikie, simu peke yake haitoshi.

Bima inayotakiwa ni ile wanayoiita bima ya hatari zote za mkandarasi, kwenye ofisi za bima ukisema CAR, kifupi cha jina lake la Kiingereza Contractors' All Risks, wanakuelewa hapo hapo. Siyo kitu kipya, ya kwanza inatajwa kukatwa London mwaka 1929 kwa ajili ya kujenga daraja la Lambeth juu ya mto Thames, na siku hizi kampuni nyingi duniani zinatumia maneno yanayofanana, mengi yametoka kwenye mkataba wa mfano wa Munich Re ya Ujerumani ambayo ni kampuni inayozikatia bima kampuni za bima. Ndo maana hata uwe wapi ukiifungua utakuta mpangilio ule ule, sehemu ya kwanza ni uharibifu wa kazi yenyewe, sehemu ya pili ni madhara kwa watu wengine.

Sehemu ya kwanza inabeba jengo linalojengwa, vile vitu vya muda kama mirunda, majukwaa na mbao za kumwagia zege, na vifaa vilivyoko saiti. Moto, dhoruba, mafuriko, wizi, ukuta kuporomoka, fundi kukosea bahati mbaya, vyote vimo. Wanaposema hatari zote maana yake ni kwamba kila tukio la ghafla na lisilotarajiwa limo isipokuwa lile waliloliandika kwamba halimo. Sasa kama ni hivyo, kurasa za kusoma kwa makini ni zile za visivyolipwa, zile nyingine utazisoma ukipata nafasi.

Visivyolipwa vinavyowakuta wajenzi

Kazi mbovu. Hapa watu wanagombana sana na kampuni za bima na mara nyingi ni kutoelewana tu. Chukulia fundi kachanganya zege vibaya, saruji kidogo mchanga mwingi, slabu ikakatika ikaangukia kuta za chini ambazo zilijengwa sawasawa. Kwa mikataba mingi kuta za chini zitalipwa kwa sababu zenyewe hazikuwa na kosa, zimeharibiwa na ajali. Ila ile slabu yenyewe hawalipi, hiyo ni gharama ya kurekebisha kazi mbovu na bima siyo garantii ya fundi. Nyenzo mbovu nazo ni hivyo hivyo, nondo feki ikikatika hulipwi nondo, unalipwa kilichoharibiwa na kule kukatika.

Makosa ya mchoro ni makali zaidi. Kama aliyepiga hesabu za nguzo alikosea na jengo likaanguka kwa sababu hiyo, mkataba wa kawaida unakataa hasara yote, siyo ile nguzo tu. Kuna nyongeza ya hatari ya mchoraji unaweza kuinunua, nayo inafanya kazi kama ile ya fundi, inalipa vilivyoharibiwa na kuacha kile kilichochorwa vibaya. Nyumba ya chini ya kawaida unaweza kuiacha. Ghorofa, kiwanja cha mteremko au udongo mbaya usiiache.

Kutu, kuoza, kuchakaa taratibu, saruji iliyoganda kwa kukaa muda mrefu stoo, hakuna. Hasara ya kuchelewa pia hakuna, yaani kodi unayoendelea kulipa unakoishi kwa sababu nyumba haijaisha, riba ya mkopo, hiyo haimo mpaka uombe kinga yake na kwa nyumba ya mtu binafsi ni nadra. Mashine ikiharibika yenyewe ndani kwa ndani hakuna, ila mashine ikiangukiwa na ukuta inalipwa kama uliiandikisha. Magari yenye namba za barabarani yanakaa kwenye bima yao.

Halafu wizi, hapa nisikilize vizuri. Wizi umo, ila upungufu unaogundulika wakati wa kuhesabu haumo. Tofauti yake ni hii: ukikuta kufuli limevunjwa na mifuko 30 haipo, huo ni wizi, una tukio, una tarehe, una ripoti ya polisi. Ukifika mwisho wa mwezi ukahesabu ukakuta nondo zimepungua na hakuna anayejua zilipungua lini, hiyo hakuna kampuni italipa. Kwahiyo daftari la stoo siyo la kumbana fundi tu, ni la bima. Kila kinachoingia na kinachotoka kiandikwe siku hiyo hiyo na anayepokea asaini. Na uangalie masharti ya ulinzi, wengi wanataka uzio, stoo ya kufungwa na mlinzi wa usiku, ukiandika kwenye fomu kwamba mlinzi yupo na siku ya tukio hakuwepo umejifungia mlango mwenyewe.

Nani akate, wewe au mkandarasi?

Jibu zuri ni kwamba majina yawepo yote mawili. Jina lako kama mwenye mradi, jina la mkandarasi, na ikiwezekana mafundi wadogo anaowaleta, umeme, bomba, wote wawe chini ya mkataba mmoja. Sababu ni kwamba kampuni ya bima ikishakulipa inapata haki ya kumfuata aliyesababisha. Kama jina lako halipo na mkandarasi ndo mwenye bima, hela inamwendea yeye na wewe unabaki unambembeleza. Kama upo wewe tu na mkandarasi hayupo, wakishakulipa wanaweza kumgeukia yeye na kazi yako ikaishia mahakamani wakati nyumba iko kwenye lenta. Majina yote yakiwepo hiyo vita haianzi. Na uombe kile kifungu kinachofanya kila mwenye jina ahesabike kama ana bima yake upande wa sehemu ya pili, ili mmoja wenu akimdhuru mwenzie isiwe shida.

Kama umepewa mkopo wa kujengea, benki nayo itataka jina lake liandikwe kwamba fidia ipitie kwake kwanza. Hilo ni la kawaida.

Mkandarasi akikwambia usijali mi nina bima, mwambie asante, naomba kuiona. Wengi wana bima ya mwaka mzima inayobeba miradi yao yote, ina kikomo kwa kila mradi, na unakuta mradi wako haujawahi kutajwa. Chukua namba ya ile karatasi, wapigie kampuni wenyewe ukitumia namba uliyoitafuta wewe siyo aliyokupa yeye, uliza mambo matatu: bado iko hai, mradi huu umo, kikomo ni kiasi gani. Usione aibu kwamba utaonekana humwamini. Mkandarasi makini ndo kazi yake hiyo, ameshaulizwa hayo mara nyingi.

Sasa kuna sisi wengi ambao hatuna mkandarasi, tuna fundi tu. Fundi tunampa hela ya ufundi, vifaa tunanunua wenyewe. Hapo hata huyo fundi akiwa na bima yake, inahesabu thamani ya kazi yake, vifaa vyako havimo. Hiyo lazima ukate wewe na kwenye thamani uandike vyote, ufundi na vifaa.

Kiasi cha kukatia, usibane hapa

Thamani unayoandika ni ile ya nyumba ikishakamilika, siyo hela uliyonayo mkononi sasa hivi, siyo thamani ya leo ikiwa kwenye msingi. Weka vifaa, ufundi, usafiri wa vifaa, kodi, na vile ulivyopewa bure au ulivyokuwa navyo. Kiwanja usiweke, ardhi haiungui.

Ukipunguza ili premiamu, yaani hela unayolipia bima, ishuke kuna kitu kinakusubiri kinachoitwa wastani, hesabu yake iko hivi. Nyumba yako thamani halisi ni 100, we umekatia 60. Ikatokea hasara ya 20. Watu wanadhani kwa kuwa 20 ni ndogo kuliko 60 watalipwa yote. Hapana. Wanasema umekatia asilimia 60 kwahiyo tunabeba asilimia 60 ya hasara, ambayo ni 12, na humo bado wanatoa ile sehemu yako ya kwanza ambayo lazima ubebe mwenyewe, wanaiita eksesi. Ikiwa eksesi ni 2 unatoka na 10. Nusu ya hasara. Na hii inatumika hata kwa hasara ndogo kabisa.

Bei za vifaa zikipanda katikati ya ujenzi thamani nayo imepanda, waandikie waongeze. Kuna mikataba yenye nafasi ya kupanda yenyewe kwa asilimia fulani, uliza kama wako unayo. Ujenzi ukiisha wanaweza kupiga hesabu ya mwisho, kama umetumia zaidi unaongeza premiamu kidogo, hiyo siyo kuibiwa ndo utaratibu wake.

Eksesi usiiangalie kama namba moja. Mara nyingi ziko mbili au tatu, ya matukio ya kawaida ni ndogo, ya mafuriko, dhoruba, tetemeko na kuporomoka ni kubwa zaidi, na ya wizi inaweza kuwa peke yake. Kama hofu yako kubwa ni mafuriko kwa sababu kiwanja kiko bondeni, angalia ile ya mafuriko ndo uamue kama bei waliyokupa ni rahisi kweli.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kusafisha kifusi. Ukuta ukianguka au nyumba ikiungua kabla hujajenga tena kuna malori ya kifusi ya kulipia, na mkataba mwingi unalipa hiyo ikiwa tu kuna kiasi kimeandikwa kwenye mstari wake. Mstari ukiwa mtupu hulipwi. Omba waandike. Na kama vifaa vyako vinakaa kwa muda kwa ndugu au vinasafirishwa na gari la kukodi, kinga ya kawaida inaanzia pale vinaposhushwa saiti, huko njiani na huko kwa ndugu inataka nyongeza yake.

Tarehe sasa

Kuanza. Bima iwe hai kabla ya kuchimba msingi na kabla gari la kwanza la vifaa halijashusha. Ukienda kukata nyumba ikiwa imeshafika juu inawezekana ila watataka kuja kukagua, na kilichoharibika kabla hakimo, na wengine wanakataa kabisa. Kama umeshaanza usikate tamaa, nenda hivyo hivyo, piga picha za kila ukuta, ila kwenye fomu andika kazi imefika wapi. Ukificha kwamba ulishaanza wakigundua wanaweza kufuta mkataba wote, kwa sababu bima inasimama juu ya ukweli wa anayekatiwa, hilo utalikuta kwenye bima yoyote ile.

Kusimama. Hapa ndo nilipoangukia. Ule mkataba wa mfano wa Munich Re unakataa hasara iliyosababishwa au kuongezwa na kazi kusimama, yote au sehemu. Mantiki yake naielewa siku hizi, ukuta usiofungwa juu na hauna paa umejengwa ukitegemea wiki chache zijazo ufungwe, ukiuacha miezi unapigwa na upepo kama pazia. Mikataba mingine inakupa idadi ya siku unazoweza kusimama bila shida, mingine haikupi hata moja. Tafuta hiyo namba kwenye karatasi yako leo.

Na kama unajua kabisa kwamba unajenga kwa awamu, hela ikipatikana unajenga ikiisha unasubiri, mwambie broka, yule anayekutafutia bima, mwanzoni kabisa usimfiche. Kuna njia mbili nilizoziona zinafanya kazi. Moja ni kukata muda mrefu na kuomba nyongeza ya kusimama kwa kazi, watakupa masharti kama kuegesha mihimili kwenye kuta, kufunika nondo, kuzibua mifereji ya maji, mlinzi abaki. Nyingine ni kukatia kila awamu peke yake, ila hapo hakikisha kile kilichojengwa awamu iliyopita kimeandikwa kama mali iliyopo na thamani yake, la sivyo awamu ya pili inabeba paa tu na kuta zilizoko chini yake hazina mtu.

Na kwa ushauri wangu, panga usimame mahali pazuri. Msingi uliokwisha na kufukiwa unavumilia. Nyumba iliyoezekwa inavumilia. Kuta ndefu zisizo na lenta wala kenchi ndo pabaya kuliko pote, kama hela haitoshi kufika lenta ni afadhali usianze kupandisha.

Kuongeza muda. Ujenzi unachelewa, kila mtu anajua. Tarehe ya mwisho ikipita bila wewe kuomba, bima imekufa, na kuifufua siyo kuongeza muda tena ni kuomba upya. Mi naweka alamu kwenye simu mwezi mmoja kabla, nyingine wiki mbili kabla.

Kuhamia. Watu wengi hawajui hili kabisa. Kinga ya ujenzi inaisha kwa sehemu yoyote uliyoanza kuitumia au uliyokabidhiwa, hata kama tarehe ya kwenye karatasi bado iko mbele. Ukihamia vyumba viwili vya nyuma huku mbele bado wanapiga plasta, vile viwili vimetoka. Kwahiyo kabla hujabeba godoro la kwanza, ama upate maandishi kwamba wamekubali ukae ndani kazi ikiendelea, ama hivyo vyumba viwe vimeshakatiwa bima ya nyumba. Siku ile moja inapoisha iwe ndo siku nyingine inaanza, usiache hata usiku mmoja katikati.

Na baada ya kukabidhiwa kuna kipindi cha mkandarasi kurudi kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12. Kuna nyongeza za aina mbili, nyembamba inalipa tu kile watakachoharibu wakija kurekebisha, pana inalipa pia hasara itakayotokea kipindi hicho lakini chanzo chake ni kazi iliyofanywa wakati wa ujenzi. Bei hazilingani, ila ile pana ndo yenye maana.

Jirani na watu wengine

Sehemu ya pili ya bima inalipa mpita njia akiangukiwa na tofali, gari la mtu, uzio wa jirani. Inayo kikomo chake, angalia kisiwe kidogo kuliko thamani ya nyumba iliyokaribu zaidi na kiwanja chako.

Ila kuna shimo moja. Uharibifu unaotokana na mtetemo au na kuondoa udongo uliokuwa unashikilia jengo la jirani haumo mpaka uongeze. Unachimba msingi kando ya ukuta wake, mashine ya kushindilia inatetemesha, ukuta unashuka. Hiyo ndo hasara inayotokea sana viwanja vikibanana na ndo imetolewa. Hata ukiongeza, kinga inahusu kuanguka, kote au sehemu, nyufa ndogo ambazo hazitishii jengo hazilipwi, na wanataka jengo la jirani liwe lilikuwa zima na kuna ripoti ya hali yake kabla hujachimba, gharama yako. Fanya hiyo ripoti hata kama hawajaidai. Nenda na jirani mwenyewe, mpige picha kila ufa uliopo, weka rula pembeni ya ufa uonekane upana, msaini wote. Inalinda urafiki wenu pia.

Wafanyakazi hawamo humu. Kibarua akidondoka kwenye jukwaa, sehemu ya pili inakataa kwa sababu siyo mtu wa nje. Anatakiwa awe na bima ya wafanyakazi, kama kuna mkandarasi ni juu yake na uone ushahidi, kama umewaajiri wewe kwa siku ni juu yako. Hawa ndo wanaotujengea, wanapanda juu bila hata kofia, tafadhali usiruke hapa kwa sababu ya kubana hela.

Ambazo siyo bima ya ujenzi ila utaambiwa unazihitaji

Mhandisi na mchora ramani wanaweza kuwa na bima ya taaluma, inalipa makosa yao ya hesabu. Muulize anayo na ataendelea nayo miaka ya mbele, kwa sababu hiyo kwa kawaida inalipa kama iko hai siku madai yanapoletwa, siyo siku kosa lilipofanyika.

Dhamana ya utendaji ni kitu kingine. Mkandarasi akikimbia kazi, benki au kampuni iliyomdhamini inakulipa mpaka kiasi fulani, asilimia 10 ya mkataba ndo inayoonekana sana, halafu inamdai yeye. Bima ya ujenzi haikulipi chochote kwa mkandarasi aliyekimbia.

Na kuna bima ya kasoro zilizojificha, inayoanza nyumba ikishaisha. Ufaransa kwa sheria ya mwaka 1978 anayejengesha anatakiwa aikate kabla kazi haijaanza na inabeba kasoro kubwa za jengo kwa miaka 10. Kwingine ni hiari au haipo kabisa. Kama kwenu ipo iulizie mapema, maana mkaguzi wao anataka kuona msingi kabla haujafukiwa.

Hasara ikitokea

Okoa watu kwanza, afu zuia isiongezeke, funika, egesha, zima umeme. Piga picha na video kabla hujagusa kitu. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa simu na kwa maandishi. Mkataba wa mfano unasema taarifa isipofika ndani ya siku 14 toka tukio hawawajibiki, na mingine ina siku chache zaidi. Wizi nenda polisi hapo hapo uchukue namba ya ripoti.

Usitupe vilivyoharibika mpaka mkadiria hasara aje avione. Matengenezo madogo unaweza kuendelea nayo ukishatoa taarifa, makubwa subiri, lakini wakikaa muda usioeleweka bila kuja waandikie kwamba unaanza kutengeneza tarehe fulani, mkataba wa mfano unakuruhusu.

Kwa jirani uwe na utu, msaidie kutoa kifusi, mpe pole, ila usimwandikie wala kumwahidi kwamba utamlipa mpaka kampuni ikubali kwa maandishi. Mi nilimuahidi wangu pale pale asubuhi kwa uchungu. Uzio wake nilimjengea na sijutii, ila hata kama bima yangu ingekuwa hai ahadi ile ingeweza kunivurugia klemu, yaani madai yangu ya fidia.

Risiti zote weka, na piga picha za simu kila Jumamosi saiti ikiwa nzima, hizo ndo zitakazoonyesha kulikuwa na nini kabla ya hasara.

Ujenzi huu wa sasa nao umesimama mara moja, kabla ya kupaua. Safari hii niliandika barua kabla mafundi hawajaondoka, unaweza kuikopi ukabadilisha tarehe: "Ndugu, nawajulisha kwamba kazi kwenye mradi wenye namba ya bima hapo juu itasimama kuanzia tarehe fulani kwa muda wa wiki 10 hivi. Jengo limefikia lenta, lenta imemwagwa na kukauka. Mlinzi anaendelea kuwepo usiku na mchana, vifaa vyote viko stoo iliyofungwa, orodha na picha nimeambatanisha. Naomba kinga iendelee kipindi chote cha kusimama na mnijulishe kwa maandishi masharti na nyongeza ya premiamu." Walijibu siku ya tatu, wakaongeza premiamu kidogo na wakataka kuta mbili ndefu ziegeshwe mihimili pande zote. Mafundi waliziegesha siku ile ile nikapiga picha nikawatumia, ndo nikawaruhusu waende.